Rupia ya Bibi Iliyozibwa Tundu

Naomba radhi kwa mwandiko wangu na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba.

Bibi yangu wa Itaka alirithi kwa mama yake rupia ya fedha ya Wajerumani, iliyotobolewa ili kila mtoto wetu aivae shingoni akizaliwa. Mjomba, anayejiita mfanyabiashara wa Tunduma kwa sababu ana miwani ya jua, aliichukua kimyakimya ili akaiuze. Akaziba tundu kwa risasi ya kuchomelea redio, akaisugua kwa msasa ing'ae.

Mnunuzi alicheka. "Mzee, rupia ni adimu. Hiki ulicholeta ni kizibo cha soda."

Mjomba akairudisha akidai ameikarabati. Kichwa kitupu kile!

Dada yangu anakaribia kujifungua, na uzi hauna pa kupita. Anayejua kuizibua bila kuipasua, tafadhali aniandikie.