Nondo wa Chupa ya Tatu

Kalista aliajiriwa kulisha viwavi mwaka 1974, katika kituo kidogo cha kilimo nje ya Mbalizi, na mpaka leo wapo wanaocheka wakisikia. Wacheke. Mjane aliyetoka Usangu, ambako shemeji yake Ngolo alikuwa anangoja kumrithi pamoja na ng'ombe, angelisha hata nyoka ili asirudi kule.

Kulikuwa na chupa tatu kubwa. Ya kwanza ilikuwa ya viwavi wa mahindi, wanaotoboa mabua. Wakikua hutoka nondo wanene. Ya pili ilikuwa ya viwavi wa matete, ambao nondo wao ni wembamba na warefu, maana ndani ya tete hakuna nafasi. Ya tatu ilikuwa ya machotara, watoto wa hao wawili. Bwana Shamba Lutengano alitaka kujua watafuata umbo la upande gani. Amri yake ilikuwa moja: machotara wale mahindi tu.

Chumba cha chupa hizo kilisikika kikitafuna mchana kutwa. Kalista alikizoea, ila shingo ilimsisimka kila alipoinama.

Masika ikakata njia ya shambani siku nne, mabua yakabaki ya kutosha chupa ya kwanza tu. Mama yake alimfundisha kwamba mwenye nyumba hali kabla ya kumlisha kiumbe aliyemfungia ndani. Heri nusu shari kuliko shari kamili, akawaza, akawapa machotara matete yaliyoota nyuma ya choo.

Nondo wakatoka wembamba. Lutengano akaruka kwa furaha.

"Damu ya matete imeshinda, mama! Kesho naandika ripoti."

Kalista akapima. Akisema, atafukuzwa arudi Usangu. Asiposema, mtu aliyemwamini ataumbuka mbele za watu.

"Bwana Shamba, sio damu. Ni mimi. Niliwapa matete."

Lutengano akaifungua chupa ya kwanza, ya mahindi matupu, ambayo nondo wake walikuwa wametoka kwenye vifukofuko asubuhi hiyo, amwonyeshe unene wa wanaokula mahindi. Wakatoka mmoja mmoja, wembamba, warefu, wakatua ukutani, vichwa vyote vimemwelekea Kalista.

"Na hawa uliwapa?"

"Hapana, Bwana Shamba. Hawa hata tete hawajawahi kuliona."

Hakumfukuza. Aliuweka ufunguo wa chumba mezani, akatoka kinyumenyume. Kalista akabaki na kazi yake miaka sita, kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kuingia mle. Aliogopa kila siku, na kila siku aliingia.