Kaptura ya Daraja Mbili

Ningekuwa na uwezo, mkasa huu ningezikwa nao, lakini Kemunto mke wangu ameshausimulia kwa kila mgeni aliyekanyaga kwetu, na kila akiusimulia anauongezea chumvi, basi afadhali niuseme mwenyewe, na mcheke polepole kwa sababu wanangu bado wananiheshimu.

Ilikuwa miaka ya tisini, nimetoka chuo cha ualimu juzijuzi tu, na mama yangu kule Birongo amewatangazia waliokuwepo na wasiokuwepo kwamba mwanawe amesoma akamaliza (kana kwamba vitabu vimekwisha duniani, wengine wasome maganda ya sabuni). Kemunto nilisoma naye chuoni, kwao ni Keumbu, na Jumamosi iliyokuwa inakuja wazee wetu walikuwa waende kumposa. Mama yake sikuwa nimezungumza naye hata siku moja. Kwetu mtu na mama mkwe wana ensoni, ile heshima ya kuoneana haya: mkikutana njiani mmoja anaingia vichakani, hampeani mkono, hamtazamani usoni, na Mungu apishe mbali akukute huna shati. Kemunto alikuwa amenionyesha mama yake kwa mbali sokoni, ili nijue nani wa kumkimbia.

Sasa pale chuoni kulikuwa na mzungu wa kujitolea, mwalimu wa michezo, akaamua kutuaga kwa mashindano ambayo sisi hatukuwa tumeyasikia: unavuka bwawa kwa kuogelea, unatoka unapanda baiskeli kupitia mashamba ya chai, unaitupa unamalizia kwa miguu, na yote hayo bila kugusa lami. Kamba ya mwisho ingefungwa Keumbu, siku ya soko. Niliposikia Keumbu nikajiandikisha wa kwanza. Nilitaka wakwe wajue kwamba kijana anayekuja Jumamosi si wa chaki tu.

Kaptura ya kuogelea niliichagua kwenye mitumba ya Daraja Mbili, rangi ya chungwa, inang'aa mpaka unajiona. Rafiki yangu Omari, wa familia yenye duka la vitambaa mjini, naye alikuwa anashindana, akaivuta lastiki akaiachilia, ikabaki imelegea vilevile.

"Bwana, hii lastiki imekufa. Tia kamba."

"Kamba ni ya ng'ombe," nikamwambia. "Mimi ni mwalimu."

Basi, hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.

Bwawani kaptura ilijaa maji ikawa gunia, nikaogelea kwa mkono mmoja, wa pili umeishikilia, na bado nikatoka wa pili, kwa sababu wenzangu wengi walikwama kwenye matete na mmoja alipiga maji kwa bidii akatokea palepale alipoanzia. Suruali yangu ya kaki ilikuwa imekunjwa vizuri kando ya baiskeli, lakini Omari alikuwa ameshapanda yake, nikaona nikianza kuhangaika na vifungo ataniacha, nikaiacha kwenye majani. Nikarukia baiskeli ya mjomba, ile ya chuma ya kubebea ndizi, ambayo kiti chake kimekwisha ngozi zimebaki springi.

Kwenye mteremko wa chai breki zilikataa. Nikampita Omari nikipiga kengele kama mwendawazimu, wachuma chai wakapiga vigelegele, nami nikawapungia mkono nikidhani wanasifu mwendo. Chini kulikuwa na tope. Baiskeli ilisimama, mimi nikaendelea, na nilipoinuka nikahisi upepo mahali ambapo upepo haufiki: springi zilikuwa zimeitafuna kaptura upande wote wa nyuma. Mtu mwenye akili angekaa hapohapo kwenye tope mpaka jua lizame. Lakini nilikuwa naongoza! Nikakata jani la mgomba nikajiziba nyuma, mkono wa pili nikashika kilichobaki mbele, nikakimbia.

Ile kamba ya mwisho nikaiona, watu wanapiga kelele, na kwenye kona wakatokea akina mama wamejitwika ndizi, na wa mbele ni yeye, mama Kemunto mwenyewe.

"Obee!" mmoja wao akapiga ukelele. "Si huyu ndiye ule mwalimu ya Kemunto?"

Mama Kemunto aliangusha ndizi, akajifunika uso kwa leso akakimbilia nyasi za napia, zile ndefu za kulishia ng'ombe. Na mimi, miguu iliyolelewa Birongo haikuniuliza kitu. Iliacha njia yenyewe, ikaruka mtaro, ikaniingiza kwenye napia. Sasa njia ilikuwa inapinda pale, kwa hiyo yeye aliingia kwa juu, mimi kwa chini, na shamba lilikuwa moja. Nikasikia majani yakichakacha karibu yangu, nikageuka haraka kuangalia kwingine.

"Simama hapo! Usigeuke," sauti ikasema.

"Sijageuka, mama."

"Hata mimi sijageuka."

Huko nje watu walikuwa wanamshangilia Omari, na mimi nilitamani ardhi inimeze.

"Ni wewe unakuja Jumamosi?"

Nilifikiria kukana. "Ni mimi, mama."

"Na nguo utakuwa nayo?"

"Nitakuwa nayo, mama."

Leso ikaruka juu ya napia ikaniangukia kichwani. "Vaa hiyo. Tokea upande ule. Na hatujaonana."

"Hatujaonana, mama."

Nikamaliza mbio nimejifunga leso ya maua ya zambarau, ambayo soko zima lilijua ni ya nani, na mzungu akanipa mkono akasema vazi ni zuri.

Wiki ile sikula nikashiba. Jumamosi nilikaa kwa akina Kemunto nimefunga mishipi miwili, na kabla hata chai haijaonjwa mzee mmoja wa upande wao akakohoa, akasema kuna neno limefika masikioni mwao kuhusu huyu kijana, neno zito, na posa ya namna hii ni mkosi. Baba yangu akainamisha kichwa. Nikajua Kemunto nimemkosa.

Ndipo ikaja ile sauti, kutoka nyuma ya ukuta wa jikoni.

"Mimi sikuona kitu. Kama kuna mzee aliona, aseme hapa mbele ya watu aliona nini."

Wazee wakatazama vikombe vyao. Nani angelitaja jambo lile mbele ya wakwe? Mwisho yule wa kukohoa akaomba sukari, na posa ikapita.

Tangu siku ile sivai kitu cha lastiki bila kutia kamba, hata cha kulalia. Leso ninayo mpaka leo, kwa sababu mama mkwe hawezi kuidai nami siwezi kuirudisha, hatukuonana. Nikimkosea Kemunto hagombi wala hanuni. Anaitoa sandukuni, anaifua, anaianika mbele ya nyumba, na mimi naenda kumwomba msamaha kabla haijakauka.