Mama Mbele ya Kioo Kikubwa

Tangu Jumapili siwezi kumtazama mama yangu usoni. Mnicheke, wasomaji, lakini mnihurumie kidogo.

Mama haoni vizuri, na kioo cha simu ni kidogo mno kwa macho yake. Basi nikapanda pikipiki kutoka Wamaza hadi Kasongo kununua ordinateri, yaani kompyuta, apate kumwona mdogo wangu Asani, aliyehamia Goma baada ya kugombana na Mama. Mwenye duka alinionyesha mbili. "Mwalimu, chukua hii portable ya kukunja. Iko na kamera na mikro ya kushika sauti ndani. Ile kubwa ya meza haina."

Nikamcheka. "Ninanunua ordinateri, siyo studio ya picha!" Kwa akili yangu, tukimwona Asani, naye anatuona. Nikafunga ile kubwa nyuma ya pikipiki.

Jumapili nikawasha jenereta, nikampigia Asani kwa intaneti. Mama alivaa kitenge kipya, akaketi. Asani akatokea kwenye kioo, amekonda.

"Ananiona?"

"Anakuona muzuri, Mama," nikajibu, mimi mwalimu mzima.

Mama akamwomba msamaha. Alisema alimfukuza mke wa Asani kwa hasira tu, na tangu siku ile chakula hakimshuki. Asani akatazama pembeni tu. Mama akajifunika uso kwa kitenge, akalia.

"Amekataa," akaninong'oneza.

Ndipo Asani akasogea karibu, akaniita mimi mkubwa wake. "Yaya, muko wapi? Niko naona giza tu, sisikii kitu. Mama bado anavaa?"

Mama akafunua uso. Hakumtazama Asani. Alinitazama mimi.