Nilikula mchana, Assumani akaitwa msaliti

Ndugu msomaji, nimekosa, na sitaki kuzunguka. Nilisema uongo mbele ya watu, mdomo ukiwa bado na mafuta ya vitumbua, na uongo ule ukamharibia jina kijana wa watu na kumhamisha mama yake mjini. Mji wenyewe ni Likasi. Jina langu naomba libaki kwangu, ingawa wa Likasi wakisoma mistari kumi watanijua.

Mimi nauza vipuri vya pikipiki sokoni. Babu yangu alikuja huku kutoka upande wa Maniema, na kwetu ni Waislamu tangu enzi zake. Siku za mechi nilikuwa kiongozi wa mashabiki wa Malakiti, timu yetu ya mpira wa kikapu. Megafoni ilikuwa yangu. Nikiimba, watu wanaimba. Nikinyamaza, wananyamaza. Mtu akipewa chombo kama hicho anaanza kuamini kwamba ana akili.

Nyota wa timu alikuwa Assumani, mtoto wa mama Mwayuma, yule aliyeuza samaki wa ziwa Tshangalele. Kijana mrefu, mpole, wa maneno machache. Tulimwita Pilone, kwa ile minara ya chuma inayobeba umeme kutoka bwawa la Koni. Jina hilo nilimpa mimi. Msimu ule timu ilikuwa inashinda kwa sababu yake, na watu ambao hawajui hata kikapu kinawekwa wapi walikuwa wanagombania kumpa mkono. Mama yake naye alikuwa anamaliza meza kabla ya saa sita. Kila mtu alitaka samaki wa mama wa Pilone, kana kwamba samaki nao wanacheza.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani, na ndani yake mechi ya kwenda fainali ya mkoa. Wageni walikuwa timu moja kubwa ya Lubumbashi. Mechi ilipangwa saa tisa alasiri, kwenye sakafu ya saruji, juani.

Assumani alikuwa anafunga. Kocha wake, ambaye si Mwislamu, alimwomba ale siku hiyo moja tu. Alikataa kwa adabu na kusema ataweza.

Mimi nilikuwa sifungi. Sikuwa mgonjwa. Sikuwa safarini. Nilikuwa na njaa tu. Tangu siku ya tisa nilikuwa na mahali pangu nyuma ya ukuta wa uwanja, ambapo mama mmoja aliuza vitumbua, beignets kama tunavyosema huku, na hakuwa na desturi ya kuuliza wateja dini zao. Jioni nilifuturu na familia kwa hamu ile ile ya wenzangu. Baba mkwe alinisifia uvumilivu mbele ya wanawe. Nilimshukuru.

Nusu ya kwanza Assumani alicheza mpaka wageni wakaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe. Wakati wa mapumziko wenzake walikunywa maji, yeye akajimwagia kichwani. Mimi nilikwenda nyuma ya ukuta. Nilikula vitumbua viwili nikarudi kuimba.

Nusu ya pili miguu yake ilikwisha. Alikuwa anakimbia kama mtu anayetembea ndani ya maji. Mwisho kabisa, tukiwa nyuma kwa pointi moja, alifanyiwa kosa, akapewa mitupo miwili, ile ambayo mchezaji anasimama peke yake mbele ya kikapu na hakuna wa kumsumbua. Angeingiza mmoja tungekuwa sawa. Angeingiza yote tungekwenda fainali.

Mipira yote miwili ilianguka kabla ya kufika kwenye chuma. Mechi ikaisha.

Watu hawakuondoka. Halafu mtu mmoja akakumbuka kwamba wiki iliyopita bosi wa timu ile ya Lubumbashi alionekana akimsalimia Assumani karibu na posta. Salamu ile ilikuwa salamu, lakini sasa ikapata maana. Watu wakaanza kusema ameuza mechi. Walisema kwa sauti ndogo, kisha kwa sauti ya kawaida.

Kocha alikuja mbele ya mashabiki, jasho linamtoka.

"Muache mutoto," akasema. "Iko mu carême, ile ya Baislamu. Tangu asubui hata maji hakukunywa. Nguvu ilimuishia, ni ile tu."

Watu wakatulia kidogo. Nakuambia kweli, ndugu yangu, wakati ule jambo lilikuwa linaelekea kwisha. Papa Kabwe, rais wetu wa mashabiki, mstaafu wa reli anayependa kila kitu kiwe na ushahidi, akanigeukia mimi.

"Weye njo Mwislamu wetu hapa," akasema. "Utuambie ukweli. Ile kufunga inaweza kulegeza mutu vile?"

Mke wangu alikuwa amekaa safu ya tatu na dada zake. Walikuwa wananiangalia. Nilipitisha ulimi kwenye meno nikakuta sukari.

Jibu lilikuwa neno moja: ndiyo. Lakini niliona kwamba nikisema ndiyo, wataniuliza mimi ninapata wapi sauti ya kuimba tangu saa saba. Hakuna aliyekuwa ameuliza. Niliuliza mwenyewe kichwani, nikajiogopa mwenyewe, nikaweka megafoni mdomoni.

"Miye niko nafunga tangu mwezi inaanza," nikasema. "Niko naimba tangu saa saba, na jua ni hii hii moya. Muniangalie. Niko naanguka?"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Papa Kabwe akatikisa kichwa taratibu.

"Basi aliuza," akasema.

Assumani alikuwa ameketi kwenye benchi hatua kumi kutoka hapo, taulo begani. Alisikia kila neno. Aliniangalia mara moja, akainama kufungua kamba za viatu.

Jina la Pilone lilikufa siku ile ile. Sasa wakamwita Délestage, neno letu la kukatiwa umeme. Mechi iliyofuata watu walikuja na mishumaa. Kila akigusa mpira waliinua mishumaa na kuimba "délestage, délestage". Wimbo unahitaji mtu wa kuushika usiende ovyo. Niliushika. Ungeniuliza ningekuambia ninafanya kazi yangu.

Sokoni watu walianza kupita meza ya mama Mwayuma wakiangalia upande mwingine. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimia vizuri na kununua kwa jirani. Samaki wake walikuwa wale wale, wa ziwa lile lile, ila sasa watu walisema wana harufu. Siku moja alikuja dukani kwangu. Sikuwa nimewahi kumwona dukani kwangu, yeye hana pikipiki.

"Baba," akaniambia, "weye unasali na mutoto yangu. Unamujua. Uambie batu neno moya tu."

"Nitasema, mama," nikamjibu.

Nilikuwa na nia. Nilipanga kusema baada ya Idi, watu wakipoa. Idi ikapita. Nikapanga kusema mwanzo wa msimu. Kumbe kosa nalo ni kama kutu, hulioni likifanya kazi, na ukija kugusa unakuta chuma kimeshatoboka.

Mama Mwayuma alifunga meza yake akahamia Kapolowe, kwa dada yake. Kocha aliambiwa na wakubwa wa timu amweke Assumani benchi, akamweka. Kijana akaona hana pa kucheza, akaenda Lubumbashi kwenye timu ile ile, kwa kuwa ndiyo pekee iliyomtaka. Habari ilipofika, Papa Kabwe alisema huo ndio ushahidi. Na mimi nilisema, nanukuu maneno yangu mwenyewe na aibu inanishika: "Mumeona sasa?"

Ikapita misimu miwili. Malakiti ilifungwa na kila aliyekuja, hata na timu ya shule. Assumani akawa anaonekana kwenye televisheni. Kwanza watu walizima. Kisha wakawa wanatazama bila kusema. Siku moja akaulizwa anatoka wapi, akajibu: Likasi. Hakusema zaidi.

Neno lile moja lilitosha. Kesho yake alikuwa Pilone tena. Kinyozi wa karibu na stendi alichora sura yake ukutani. Waendesha pikipiki walibandika picha yake kwenye vioo. Watu wakaanza kueleza jinsi walivyomfundisha kudaka mpira akiwa mdogo, na wengine kati yao ninajua walihamia Likasi mwaka jana. Papa Kabwe akaniomba wimbo mpya. Nikautunga kwa siku moja. Sikuona ugumu wowote, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi kuliko yote.

Idi ya mwaka huu Assumani alikuja kutembea. Mji ulitoka kumpokea, nami mbele na megafoni. Tulipomaliza kuimba alikuja kunipa mkono, akanivuta pembeni.

"Yaya, habari ya nyumbani?" akasema, maana mimi ni mkubwa kwake.

Niliona nikiacha hapo nitakufa nayo. Nikamwambia: "Assumani, ile siku miye sikukuwa nafunga."

"Najua," akasema. "Nilikuonaka. Nilipitaka kule nyuma kujimwagia maji. Ulikulaka beignets tatu."

Nilikuwa nimejiambia miaka yote kwamba vilikuwa viwili. Hata kwako, msomaji, nimeandika viwili hapo juu. Vilikuwa vitatu.

"Juu ya nini haukusemaka?" nikamuuliza. "Ungesema, batu bangekuamini."

"Bibi yako alikuwa anaikala pale pale na badada yake," akasema. "Na aibu ya mwenzako unaifunika. Miye nilifikiri kesho utasema weye mwenyewe."

Nikaomba msamaha. Akasema upande wake alishanisamehe zamani, hakuweza kucheza na hasira miguuni. "Lakini mama," akasema, "mama haingiake tena Likasi. Tukimuambia tuende, anasema magoti inamuuma. Magoti yake haina kitu."

Jumapili iliyofuata nilisema. Uwanja ulikuwa umejaa. Nilisimama mahali nilipokuwa nimesimama siku ile, nikasema kila kitu kwenye megafoni: kwamba nilikula mchana wa Ramadhani, kwamba kijana alikuwa na njaa na kiu na hakuuza kitu, kwamba sisi tulimfukuza, na mama yake pia. Nilitegemea kuzomewa. Ukweli ni kwamba nilitamani wanizomee.

Watu walinitazama kama mtu aliyesimama kwenye arusi akaanza kusoma tangazo la msiba.

"Nani alimuitaka mutoto wetu vile?" akauliza Papa Kabwe, kwa mshangao wa kweli. "Sisi tunamupenda Pilone tangu zamani."

"Labda ni batu ya Kambove," akasema mwingine, akitaja mji wa jirani.

Wakaniomba niendelee na wimbo.

Nyumbani hawakusahau hivyo. Mke wangu aliuliza swali moja: "Na ile daku nilikuwa naamuka kukupikia?" Ananipakulia, ananifulia, lakini haniambii tena mambo ya siku yake. Baba mkwe hanisifii tena kwa lolote. Siku nilizokula nimezifunga zote kulipa, na hakuna aliyeniuliza nimebakiza ngapi.

Nikapanda gari kwenda Kapolowe. Nilimkuta mama Mwayuma kando ya barabara kuu, mbele ya meza ndogo, anafukuza nzi kwenye samaki. Nilimwambia yote nikiwa nimechuchumaa, maana sikuona haki ya kukaa kwenye kiti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alihudumia hata wateja wawili katikati, nikasubiri.

"Ulisema ku megafone?" akauliza.

"Nilisema, mama."

"Na batu ya Likasi? Bale ba ku soko? Balisema nini?"

Nilitaka kumdanganya. Mungu anajua nilitaka. Nikamwambia: "Walisema hawakumbuki, mama. Walisema walimpenda siku zote."

Alipanga samaki ambao walikuwa wamepangika tayari.

"Rudi nyumbani, mama," nikasema. "Sasa wanakupenda."

"Wangekumbuka, ningerudia," akasema. "Mutu akikumbuka, anaweza kukuomba pardon. Sasa bale bote banasahau. Nikirudia, nani ataniomba?"

Alinifungia samaki wawili kwenye gazeti, akasema ni wa mke wangu, nikapanda gari.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, kama kuna mtu umemharibia jina mbele ya watu, usingoje watu wapoe kama nilivyongoja mimi. Nenda ukaseme ukweli wakati bado wanamchukia, wakupige mawe ikibidi. Ukingoja mpaka wampende tena, hutamkuta hata mmoja anayejua alimkosea nini, na uliyemharibia atabaki kulikumbuka kosa lile peke yake.