Gari la Wanakwaya

Vita vilitutoa Uvira, na kule mume wangu Faustin aliuza samaki, magari hakuyajua. Hata hivyo alikwenda Chilinde, jijini Lilongwe, akanunua Korola kuukuu, ili nguo ninazoshona hapa kambini Dzaleka zifike kwa wateja wa mjini, Area 47, bila kukunjamana kwenye minibasi. Muuzaji alikuwa ameliegesha mteremkoni. Likaserereka, likawaka, Faustin akalipa.

Dzaleka ni tambarare. Ndipo tulipojua kwamba gari letu haliwaki bila kusukumwa.

Siku ya kupeleka nguo, akaita wanaume wanne wa kwaya. Wakasukuma, likawaka, kisha wote wakapanda, maana mjini nani angelisukuma?

"Papa Cadeau, nguo zitakaa wapi?" nikamuuliza mume wangu.

"Mama Cadeau, we panda minibasi nazo. Tutakukuta kule."

Nikapanda na hasira zangu. Nikafika, nikauza zote, sikuwaona. Wakati wa kurudi, nikaliona gari limezimika kando ya barabara, wanakwaya wamejilaza majanini wakihema. Faustin akanipungia mkono. Nikashuka, nikidhani ataniomba radhi.

"Mama Cadeau, kuya usukume kidogo," akasema. "Bantu ba kwaya banachoka."