Netta McGeoch na Waya wa Kanisani

Jumamosi, tarehe 13 Juni 2015, nilifungua kisanduku changu cha vifaa kanisani saa mbili asubuhi. Kutandaza waya kulichukua saa nne, kuunganisha amplifaya saa moja, na saa mbili nyingine zilikwenda katika kupima, benchi baada ya benchi. Saa tisa alasiri kazi ilikuwa imekamilika, lakini jambo lililotufanya tuianze lilikuwa bado.

Netta McGeoch alikuwa na umri wa miaka sabini na minane. Ufunguo wa kanisa letu hapa Galloway, Uskoti, alikuwa nao tangu mama yake aliposhindwa na magoti. Alifagia, alikata nyasi za makaburini, na aliwapokea wageni waliokuja hata kutoka Japani kuliona kaburi la James Clerk Maxwell, yule aliyeonyesha kwa hesabu kwamba umeme na sumaku ni ndugu wa tumbo moja, na kwamba mwanga nao ni wa ukoo huo huo. Netta hakujifanya kuzielewa hesabu hizo. Aliwasimulia wageni aliyoyapata kwa bibi yake: kwamba yule bwana alipenda mbwa, kwamba alikwenda kuwasomea wagonjwa vijijini, na kwamba mkewe alipougua alikesha kitini kando ya kitanda chake.

"Hayo mengine mnayajua nyinyi," alikuwa akimalizia. "Mimi najua haya."

Kisha akaanza kujibu maswali ambayo hakuulizwa. Mgeni mmoja alitaka kujua choo kiko wapi, akaambiwa Maxwell alizaliwa Edinburgh.

Ndipo alipokuja kwenye kliniki ninapofanya kazi ya kupima masikio na kurekebisha vifaa vya kusikilizia. Nilimpa kifaa, nacho kilimfaa jikoni. Kanisani hakikumfaa, kwa kuwa dari iko juu sana na kuta ni za mawe.

"Sauti zinanifikia kama uji, binti," aliniambia, kisha akaufunga mlango wa chumba changu kabla ya kuendelea.

Kinanda cha kanisa letu kilikufa zamani, na tangu hapo mumewe, Wull, ndiye aliyeanzisha zaburi kwa mdomo. Kila Jumapili, mbele ya supu ya kondoo na shayiri, Wull aliuliza, "Nilikuwaje leo?" Naye Netta alijibu, "Ubeti wa pili ulishuka kidogo, mzee." Ukweli ni kwamba kwa miaka mitatu hakuwa amesikia hata ubeti mmoja. Sasa daktari alikuwa amemwambia Wull kwamba kifua chake kingemruhusu kuimba hadi majira ya mavuno tu.

"Nataka kumsikia kabla hajanyamaza," Netta alisema. "Na yeye asijue kwamba nilikuwa simsikii."

Wazee wa kanisa walikubali uwekwe waya. Unazungushwa chini ya kuta zote, na sauti inayoingia kwenye maikrofoni hupita humo ikiwa umeme. Umeme huo huzaa sumaku hewani, na sumaku hiyo, ikifika kwenye koili ndogo ya waya ndani ya kifaa cha sikioni, huzaa umeme tena, na umeme ukawa sauti. Hakuna mwangwi wa mawe unaoingia katikati.

Saa hiyo ya tisa Wull aliingia na chupa ya chai aliyomletea mkewe. Nilimwomba asimame kwenye maikrofoni.

"Mimi? Mbele ya hicho kijiti?" alisema. "Nimeimba miaka hamsini kwa kifua changu. Vitu hivyo ni vya madalali wa ng'ombe."

"Ni kwa majaribio tu, Bwana McGeoch."

"Mjaribu mchungaji. Yeye hata akisikika, tunalala vilevile."

Bila maikrofoni, waya hauna cha kubeba. Nilimtazama Netta, aliyekuwa ameketi kwenye benchi lake kando ya ukuta, akizikunjakunja glavu zake na kuisoma midomo ya mumewe. Nilikuwa nimemwahidi kunyamaza. Nilichukua bisibisi, nikakaza skurubu iliyokwisha kukazwa.

"Wull," alisema hatimaye. "Nenda kwenye kijiti."

"Cha nini? Wewe unanisikia vizuri. Kila Jumapili unanikosoa."

"Sikusikii, mzee. Mwaka wa tatu huu."

Wull aliiweka chupa ya chai sakafuni, polepole.

"Na ubeti wa pili?"

"Huo umekuwa ukishuka tangu tuoane. Sikuona kwa nini uache ghafla."

"Miaka mitatu naufanyia mazoezi zizini, Netta! Nawaimbia kondoo!"

"Walisemaje?"

"Walikuwa waungwana kuliko wewe." Kisha akashusha sauti, akakumbuka, akaipandisha tena ili imfikie. "Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kuimba."

Alifikiri kidogo. "Ningeacha," alikiri. "Kwani nilikuwa namwimbia nani?"

Alivua kofia, akaenda kwenye maikrofoni. Netta alibonyeza swichi ndogo nyuma ya sikio, kama nilivyomfundisha, na Wull akaanza. Mimi nilikitazama kipimo changu, maana hapakuwa na mahali pengine pa heshima pa kutazama. Mshale ulipanda na kushuka pamoja naye, hata alipokohoa. Nilipoinua macho, midomo ya Netta ilikuwa ikiyafuata maneno, na kiganja chake kilikuwa kimelala juu ya benchi la mbele yake, wazi, kama mtu anayepokea kitu.

Wull alimaliza, na hakuuliza lolote.

"Sauti yako imezeeka," Netta alisema.

"Nimezeeka mwili mzima."

"Imba tena."

Aliimba tena, na aliendelea kuimba kwenye maikrofoni hadi Jumapili ya mavuno. Kuanzia Jumapili iliyofuata aliketi kando ya mkewe.

Mwaka mmoja baadaye, waumini watano wa kanisa lile walikuwa wamekwisha kuja kwangu kupimwa masikio, na kila mmoja aliomba wenzake wasijue.