Kijiko cha Samli

Mama aliposhika ubavu wa kulia baada ya biriani ya Ijumaa, nilimshuku. Ugonjwa sikuufikiria bado. Nilimshuku yeye, kwamba ananificha kitu.

"Gesi tu hii," alisema, amejikunja kwenye kochi la fleti yetu ya Columbia Heights, huku ughaibuni.

Udaktari wangu wote nimejifunza kwenye simu, na mimi nikishaamua jambo sirudi nyuma. Niliamua ni vidonda vya tumbo. Nikampa dawa ya kwetu Mombasa: kijiko cha samli ndani ya maziwa moto, kila jioni, ilainishe tumbo.

"Daktari wa mtandao!" alinicheka. "Nikipona nitakupa cheti." Akanywa yote.

Maumivu yakazidi. Nikaanza daftari: saa, chakula, alivyokunja uso. Nilimchungulia hata akivaa viatu vya kwenda kazini, dukani Roseville.

"Wee mtoto, mbona wanipeleleza kama askari wa forodha?"

"Umelala vizuri?"

"Nimelala."

Uongo. Mito yote ilikuwa imepangwa ukutani, alilala ameketi.

Jumapili ya tatu nilisoma daftari upya, nikitafuta alipodanganya. Nikajikuta mimi. Siku ya uji mtupu, asubuhi hadi alasiri, alikuwa mzima. Baada ya sambusa, aliumwa chini ya mbavu za kulia, maumivu yakapanda hadi nyuma ya bega. Na kila jioni, baada ya kikombe changu, vilevile. Kila mara, mafuta.

Nikamwita dirishani, penye mwanga wa theluji. Weupe wa macho yake ulikuwa umeingia manjano.

"Mama, mkojo wako una rangi gani?"

"Astaghfirullah! Maswali gani haya?" Kisha, polepole: "Kama chai ya rangi."

Nikaendesha gari moja kwa moja hadi hospitali, Maplewood. Picha ilionyesha vijiwe kwenye mfuko wa nyongo, kimoja kimeziba njia. Ilibidi afanyiwe upasuaji. Muuguzi akauliza kama alitumia dawa yoyote nyumbani.

"Hakuna," Mama alijibu upesi mno.

"Samli," nikasema. "Nilimpa mimi."

Mama akatazama shuka. "Iliniumiza tangu siku ya kwanza, mamangu. Lakini ulikuwa ukisimama pale na kikombe, uso umekunjuka. Ningekwambiaje?"

Muuguzi akauliza ni kwa siku ngapi. Nikamkabidhi daftari.